Mlango wa Colmar

Kwetu Lyon njia za mkato hupita ndani ya nyumba za watu: unasukuma mlango wa kale, unavuka ua, unatokea mtaa wa pili. Watalii hunipitia uani kutwa na kamera zao, nami huwafokea, "Nyie, kwenu hamna nyumba?"

Mume wangu, Gaspard, akanipeleka Colmar nikapumzike. Wapi! Yeye akang'ang'ania darajani akipiga picha maua, mimi miguu inaniwasha. Nikamwacha hapo, nikasukuma mlango wa kale wa kwanza niliouona, nitokee ng'ambo.

Nikatokea jikoni. Mzee mmoja aliyevaa fulana tu akashusha kijiko cha supu.

"We mama, kwenu hamna nyumba?"

"Ipo," nikamjibu, "ila imejaa watu kama mimi."