Akina Esnath wa Njia ya Ngozi

Jumamosi hiyo Esnath alipewa kipaza sauti, na aliyempa alijuta. Tangu Kiwira hadi mwanzo wa njia ya kupanda kwenda Ziwa Ngozi hakukishusha mdomoni. Siku hiyo ya kusafisha njia aliiitisha yeye, mwenyekiti alikuwa yeye, na hata hukumu aliitoa yeye kabla watu hawajaingia msituni.

"Mfanyabiashara ambaye taka za bidhaa zake zitazidi za wenzake, atabeba gunia kichwani mpaka barabarani, tena akiimba!"

Watu wakapiga makofi. Esnath akamtupia jicho Idrisa, muuza kashata. Alikuwa na uhakika kwamba mbeba gunia ameshapatikana.

Wakapanda. Tope lilikuwa linateleza, mianzi ikiwadondoshea maji shingoni, lakini watu walikuwa na furaha kama wanaosindikiza bibi harusi. Esnath akatangulia kwa kimbelembele chake, akainama kwenye kichaka cha kwanza, na aliyemkuta pale alikuwa Esnath.

Alikuwa anatabasamu, kilemba cha njano kichwani, juu ya pakiti tupu ya nailoni: *Krispi za Ndizi za Esnath, Utamu wa Rungwe.* Picha hiyo alipigwa studio Tukuyu, na aliipenda kuliko picha ya harusi yake.

Akaichomeka ndani ya sweta. Mbele kidogo, Esnath mwingine alining'inia kwenye mwanzi. Wawili walikuwa chini ya gogo, wanatazamana. Akawakusanya wote harakaharaka, wengine kwenye sweta, wengine kwenye buti. Wakionekana, jina lake limekwisha. Kiwira nzima itamcheka mpaka azeeke.

Huko juu, ziwa lilipojitokeza chini yao, kijani kibichi, Lugano anayeongoza wageni akamwomba mwenyekiti aseme neno. Esnath akavuta pumzi.

Chakara, nailoni ikalia ndani ya sweta.

"Ndugu zangu," chakara, "usafi unaanza na mimi," chakara chakara, "na wewe."

"Dada Esnath," akauliza Idrisa, "humo ndani umebeba kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Esnath akajikaza kisabuni, lakini kicheko kikampanda na yeye kutoka tumboni, kikalitikisa sweta, kifungo kikafyatuka, na akina Esnath wakamwagika chini, wote wakitabasamu.

Aibu ilimchoma hadi masikioni. Angeweza kusema ameziokota tu, na kweli alikuwa ameziokota. Akainua kipaza sauti.

"Ni zangu. Nilizificha kwa sababu naona haya. Leteni gunia."

Msitu ukalipuka. Idrisa alicheka hadi akakaa kwenye tope, kisha akataka kumsaidia mzigo.

"Hukumu ni hukumu, kaka yangu. Wewe nipigie ngoma."

Basi Idrisa akapiga ndoo, Esnath akateremka akiimba, akateleza mara moja akaangukia makalio, akainuka na gunia lake akaendelea na ubeti uleule.

Wiki iliyofuata krispi zake zilifungwa kwenye majani ya mgomba. Picha yake aliikuza, akaitundika mwanzo wa njia, juu ya pipa la taka, na maneno mawili tu: *Ninakuona, mwenzangu.*

Alipomaliza kugonga msumari akamenya pipi, akaitia mdomoni, akaiachia karatasi. Ikaanguka chini. Akainua macho, yakakutana na ya yule mwenye kilemba cha njano.

"Samahani, mama," Esnath akamwambia, akainama kuiokota.