Sauti Yangu na Mikono ya Dada

Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, sauti yangu ilikuwa itoke kwenye spika mbili zenye kimo cha mlango wa chumba changu, na nilikuwa nimeshavaa shati la kuipokea.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dada yangu. Dada ni fundi cherehani, na ni kiziwi tangu utotoni. Alikuwa amejirekodi kwa simu, kasimama mbele ya ukuta wa karakana yake, anasimulia kisa kwa lugha ya alama. Chama cha viziwi kilikuwa kinafungua ukumbi wake mpya mchana ule, na kisa hicho ndicho kilichopangwa kuufungua. Mimi nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha mitambo, maana kwetu mimi ndiye ninayeitwa hata balbu ikikonyeza. Ya pili ni kutia sauti kwenye filamu, ili wageni wachache wanaosikia waelewe mikono inasema nini.

Kati ya hao wanaosikia, Dada alimtaka mmoja tu: Baba.

"Baba hajui kama mimi ni mcheshi," aliniambia karakanani, mdomo umejaa pini, jambo ambalo halijawahi kumzuia kuongea. "Anajua nina bidii. Anajua sina makuu. Watu wa chama wakiniona tu wanashika mbavu, na baba yangu mwenyewe ananiona mtu wa kimya. Nataka wacheke mbele yake, na yeye acheke nao, papo hapo. Sitaki uje kumweleza wakati wa chakula."

Nilimwelewa. Mama ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yao, na tangu atutoke nimebaki mimi. Baba ana alama zake chache za nyumbani: njoo, kula, funga mlango, pole. Neno likizidi hapo, ananiita, nami naacha ninachofanya naenda kuwa daraja.

Sasa, mtu mwenye kipaji akiombwa kutia sauti hatii maneno makavu. Nilitunga. Beti za vina kati na mwisho, mizani nane kwa nane, hakuna mstari unaochechemea. Kutunga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kuhesabu silabi vidoleni nikisubiri zamu kwa kinyozi, na sioni haya kusema kwamba zilikuwa beti za kumfanya mtu asimame. Nilizirekodi nimejifunika blanketi ili mbwa wa jirani asiingie katika ushairi, nikazibandika juu ya filamu, nikahakikisha mwanzo umekaa na mwanzo. Kisa chenyewe cha Dada nilikijua kijuujuu tu. Nilichokijua kwa moyo ni beti.

Ukumbini kulinuka rangi mbichi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mapazia meusi aliyoyashona Dada, na mbele kulikuwa na shuka jeupe lililokazwa kwenye fremu ya mbao hadi likalia ukilipiga kidole. Nikaweka projekta mezani, nikachomeka waya wa HDMI, ncha moja kwenye laptopu na nyingine kwenye projekta, nikawasha. Shuka likawa buluu tupu. Nikabonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, mara ya kwanza, mara ya pili, na ghafla Dada akatokea, mrefu kuliko ukuta wa nyumba yetu, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Kifua changu kilijaa kama nimemuumba mimi.

Ila sauti hakuna. Spika kubwa zimenuna, na kutoka tumboni mwa projekta kuna kitu kinalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Kumbe huyo mbu ni mimi. Ule waya mmoja hubeba picha na sauti pamoja, na laptopu ilikuwa imempa projekta vyote viwili, wakati spika yake haimtoshi hata mtu wa kiti cha mbele. Nikachukua waya mwembamba, nikautoa kwenye tundu la hedifoni la laptopu mpaka kwenye mikisa, kile kisanduku cha vitufe cha kuchanganya sauti, pale spika zilipounganishwa, kisha nikaingia kwenye mipangilio na kuiambia laptopu sauti ipitie huko. Ubeti wa kwanza ukalipuka.

Sijui nielezeje. Vina vyangu viligonga ukuta wa nyuma vikarudi vimeongezeka. Niligeukia mikisa, nikapandisha besi kidogo, nikapunguza mkwaruzo, nikapandisha tena. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu, alikuja akaweka kiganja juu ya spika, akaisikiliza kwa mkono, akanionyesha dole gumba. Niliinamia vile vitufe kama mpishi juu ya sufuria.

Taa zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Huko ndiko kupiga kelele kwa viziwi. Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa kwenye swichi, na wanachama waliokuja kupanga viti wote wananitazama mimi, si filamu. Dada alikuwa amesimama katikati yao, mikono kiunoni. Kisha akaiondoa kiunoni ili aseme.

"Sauti ni tamu sana, naona. Ila umenikata mikono."

Nikatazama shuka. Kichwa kilikuwepo, kifua kilikuwepo, tepu ilikuwepo. Lakini picha ilikuwa pana kuliko shuka, na kila Dada alipotanua mikono, viganja vilitoka nje ya kitambaa vikamezwa na pazia jeusi. Kwa watu wale ilikuwa sawa na kumsikiliza mtu anayezibwa mdomo kila baada ya neno. Nusu saa nzima nilikuwa naipamba sauti yangu, kwenye ukumbi wa viziwi, na msimuliaji hana mikono.

Mwenyekiti aliuliza kitu, na wote wakatingishika kwa kicheko. Alikuwa ameuliza kama Bata amemaliza kuoga. Bata ndiyo jina langu kwao: vidole vinne na dole gumba vinafunguka na kufungika mbele ya midomo. Alinipa Dada nikiwa mdogo, na kila ninapojaribu kulikataa, nalikataa kwa maneno mengi, basi linazidi kukaa.

Nilikimbilia meza. Nikaisogeza karibu na shuka, picha ikasinyaa. Nikazungusha lenzi mpaka kingo zikanyooka. Nikainua miguu ya mbele ya projekta. Mikono ikarudi. Yote miwili, mpaka ncha za vidole, na nafasi ya kupumua kila upande. Wanachama wakainua viganja juu na kuvitikisa, ambavyo ndivyo wanavyopiga makofi, na mimi, ingawa nilikuwa nimerekebisha kosa langu mwenyewe, nikainama kidogo kama mtu aliyeombwa shairi la pili.

Tukairudisha filamu mwanzo kwa majaribio. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mwingine mle ndani angeweza kukiona. Wanawake wawili waliokuwa wakifuta viti walicheka mpaka mmoja akakalia kiti kibichi. Dada kwenye shuka alikuwa amefika kwenye kichekesho cha kwanza. Na mimi kwenye spika nilikuwa bado nasifu sindano. Ubeti wa pili. Nikangoja. Nilikuja kukitaja kichekesho chenyewe wakati Dada ameshakunja ukurasa huo zamani na yuko mbali na kisa. Vina vyangu vilikuwa vimekula muda. Kila alichokisema kwa pigo moja la mkono, mimi nilikuwa nimekijengea nyumba yenye baraza.

Dada akaniuliza, "Sauti inakwenda sawa na mikono?"

Yeye hana njia ya kujua. Ndugu yake ndiye masikio yake.

"Iko sawa," nikamwambia.

Nilijiambia kwamba Baba ataelewa tu, akichelewa kidogo si hoja. Na milango ikafunguliwa, watu wakaingia, na Baba akaja na koti lake la mikutano, akakalishwa mbele kabisa, pembeni ya spika. Alinitazama kwenye nyaya zangu akatikisa kichwa kwa fahari, nami nikajihisi fundi wa dunia.

Mapazia yakafungwa. Dada akatokea kwenye shuka, na ukumbi mzima ukawa kimya cha macho. Kwenye kisa anaeleza suruali yake ya kwanza aliyowahi kushona, na mteja ni baba yake. Anamwonyesha Baba anavyosimama kupimwa, kifua mbele, tumbo limevutwa ndani mpaka mbavu zinahesabika, hapati pumzi, mashavu yanavimba, macho yanatoka. Ukumbi ukapasuka. Viziwi wakicheka hawajizuii. Sauti zao hutoka zilivyo. Viti vikatikisika.

Na spika zikasema, kwa sauti yangu tukufu, kwamba uzi ni mwana wa pamba na sindano ndiye mlezi.

Baba aligeuka nyuma. Akaona nyuso zote zinacheka, na nyingine zinamtazama yeye. Akajikagua kifua. Akafunga kifungo cha koti. Akakaa wima, amejikaza, kama mtu aliyeingia msibani kwa watu wasiomjua. Dada alikuwa amesimama ukutani, na hakuwa anatazama filamu. Alikuwa anautazama uso wa Baba. Nikauona wake unavyofifia. Aligeuza macho kwangu, taratibu.

Kichekesho kikubwa kilikuwa bado, na kilikuwa njiani.

Nilichomoa ule waya mwembamba. Spika zikakohoa, ubeti wangu wa tatu ukakatika katikati ya kina, na sijawahi kuukata mstari wangu kabla ya hapo wala baadaye. Kwenye mikisa kulikuwa na maiki iliyowekewa wageni wa hotuba. Nikaifungulia, nikasimama nikiwa nimeelekea shuka.

"Baba, walichocheka ni tumbo," nikasema. "Anasema siku ya kukupima ulivuta tumbo ndani ukakaribia kuzimia."

Baba akaangalia spika, akaniangalia mimi, akaangalia shuka. Kuanzia hapo sikutunga tena. Dada alipoinua mkono nilisema, alipoushusha nilinyamaza. Anashona. Suruali imemkaa. Anakwenda mkutanoni. Anainama kuketi. Nyuma inapasuka, kutoka kiunoni mpaka karibu na goti. Vidole vya Dada vikachana hewa, na mdomo wangu ukachana pamoja navyo.

"Sasa anarudi nyumbani," nikasema, "na hataki mtu auone mgongo wake."

Kwenye shuka vidole viwili vya Dada vikapanda juu ya kiganja cha mkono wa pili, vikaanza kutembea kinyumenyume. Baba mzima, mtaa mzima, kinyumenyume. Anasalimia majirani huku anarudi nyuma. Anasifia paa za nyumba. Anafika getini, anaingia kwa makalio, na mkewe anapomuuliza, anajibu kuwa alikuwa anakagua kama mtaa umenyooka. Na juu, kwenye dirisha la karakana, binti yake anaona kila hatua.

Ukumbi ulilipuka, na ndani ya mlipuko ule nikasikia kicheko kimoja ninachokijua tangu utoto, cha kukoroma, cha mtu anayekosa pumzi. Baba alikuwa amejikunja kwenye kiti, machozi yanamtoka, anapiga goti lake kwa ngumi. Papo hapo. Dada alikiona. Akaziba uso kwa mikono yote miwili, kisha akaitoa haraka, maana hakutaka kupitwa.

Filamu ilipoisha Baba akasimama na kudai maiki. Nikampa, akaanza kujitetea, akaona nyuso zinamsubiri tu. Akaelewa. Akanirudishia.

"Waambie wewe," akasema. "Kwa mikono."

Nikasimama mbele ya shuka jeupe, ndani ya mwanga wa projekta, kivuli changu nyuma yangu. Baba akasema polepole, nami nikatafsiri neno kwa neno, bila ubeti.

"Ile suruali haikuwa na kosa. Fundi alipima vizuri. Mimi ndiye niliyevuta tumbo." Akafungua kifungo cha koti. "Na ninayo mpaka leo kabatini. Nilidhani hakuna aliyeniona."

Viganja vikapanda juu ukumbi mzima vikitikisika. Mwenyekiti akaja mbele, akamtazama Baba kama anayempima nguo, kisha akatangaza kwamba mgeni hawezi kuondoka bila jina. Akaweka vidole viwili juu ya kiganja, akavitembeza kinyumenyume. Wote wakarudia. Baba akajaribu, mara ya kwanza vidole vikaenda mbele, Dada akamshika mkono, akavigeuza.

Nilikuwa nakunja nyaya Dada aliponifuata. Akauliza yale ya mwanzo niliyokuwa nasema kwenye spika yalikuwa nini. Nikamwambia kweli: sindano, pamba, uzi, na mimi. Mkono wake ukafunguka na kufungika mbele ya midomo yake, bata, bata, bata, mpaka nikacheka.

"Utanisomea zote," akasema. "Ila kwa mikono. Tuone kama zitakuwa ndefu hivyo."

Mlangoni Baba alikuwa anaagana na watu. Alipomaliza aliinua kofia, akatugeuzia uso sote, akashuka ngazi kinyumenyume, akisifia paa.