Shamba kwa Jina la Kefa

Kabla ya vita vya Uganda nilikuwa mtu wa mshahara, na nilijiona kwelikweli. Kila mwisho wa mwezi nilipanda treni Itigi kwenda Manyoni kuchukua fedha zangu za ualimu, nikarudi na sukari, mafuta ya taa na gazeti nililolibana kwapani ili watu walione. Wenzangu walipoulizana mvua itanyesha lini, mimi niliuliza treni itafika lini. Ulikuwa ujinga, lakini ulikuwa na raha zake.

Ndiyo maana mwaka wa sabini na tano, watu walipohamishiwa kijiji kipya, nilisimama mkutanoni nikatoa kwa hiari shamba la marehemu baba yangu, ekari mbili na nusu. Nilisema ardhi ni ya anayeilima, na mimi silimi. Nilipigiwa makofi hadi masikio yakawasha, na siku ileile nikachaguliwa katibu wa kijiji, nikakabidhiwa daftari la mashamba.

Shamba lile alipewa Febronia, mjane wa mrina asali, aliyeletwa kwa lori kutoka upande wa Rungwa pamoja na mwanawe mmoja tu, Kefa. Sisi tulimwita Mama Kefa. Daftari lilikuwa na nafasi moja ya jina, jina la mkuu wa kaya. Kefa alikuwa na miaka kumi na saba, na siku ya kuandikishwa alikuwa amelala na homa chini ya lori. Mama yake ndiye aliyesimama mbele yangu, akajibu maswali yote. Nikaandika: Kefa, mwana wa Febronia. Sikusita hata kidogo, na wala hakuna aliyeniuliza.

Anayevijua vichaka vya Itigi anajua kufyeka ni kazi gani. Shamba la baba lilikuwa limelala miaka sita, nusu yake imeshachukuliwa na miiba. Mama Kefa na mwanawe waling'oa visiki kwa sururu, kimoja baada ya kingine. Kwa kuwa mazizi yote ya kijiji yaliwekwa mwisho wa barabara, mama alibeba samadi kwa kikapu kichwani tangu kule mpaka shambani kwake, mwendo wa karibu saa nzima. Nilimwona kila siku nikienda shule, nikamwona nikirudi. Msimu wa tatu uwele wake ulikuwa mrefu kunipita mimi.

Vita vilipoanza mwishoni mwa sabini na nane, Kefa aliondoka na vijana wengine wa mgambo. Tuliwaimbia mpaka stesheni. Kijiji kilitoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya jeshi, na mimi nikatoa hotuba.

Baada ya hapo bei zikapanda ovyo. Duka la kijiji likabaki na viberiti na vitabu vya hesabu. Sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa. Debe la uwele nililokuwa nikinunua kwa shilingi ishirini likafika hamsini, likafika tisini, kisha mwenye nalo akakataa noti kabisa. Alitaka chumvi, au kitenge, au shati hata kama lina kiraka. Mshahara wangu haukupungua hata senti moja, na bado watoto wangu walikuwa wanakula mlenda mtupu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuijua. Wale niliowacheka kwa jembe lao walikuwa na chakula, na mimi nilikuwa na karatasi.

Nikaandika barua ya kuomba shamba. Mbele yangu kulikuwa na familia kumi na moja zilizokuwa zikingoja ardhi iliyokwisha kufyekwa.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata walikuja maofisa wawili kutoka wilayani, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Kefa. Hatukuhitaji kuambiwa. Kefa alikuwa ameuawa Uganda, akazikwa hukohuko. Tulikaa matanga siku tatu bila maiti, na mama yake hakulia mbele ya watu. Alikaa ameegemea ukuta, mikono imelala mapajani.

Jumatatu iliyofuata mwenyekiti wetu, Mzee Melkizedeki, aliniita ofisini. Si mtu mbaya, na sitaki afikiriwe hivyo. Alikuwa na familia kumi na moja zinazomlilia kila asubuhi.

"Mwalimu," alisema, "shamba la Kefa limerudi kijijini. Mwenye jina hayupo."

"Na mama yake?"

"Mama yake atatunzwa na kijiji, atakula kutoka shamba la ujamaa. Sasa, lile lilikuwa la baba yako, uliwahi kulitoa kwa moyo mweupe. Kamati haitakuwa na neno ukilichukua wewe. Alhamisi tunapitisha."

"Pamoja na uwele uliomo?"

"Uwele utauacha wapi?"

Shamba la ujamaa lilikuwa limetoa magunia tisa mwaka uliopita, kwa kaya mia na arobaini. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi. Nilimshukuru nikatoka.

Mke wangu, Marietha, aliposikia alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani amehuzunika. Kumbe alikuwa anamshukuru Mungu.

Nilikwenda shambani jioni ile, nikijidanganya kwamba nakwenda kumwandaa mama wa watu taratibu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuuangalia uwele. Ulikuwa umefika kifuani, majani mapana, umesimama vizuri. Nilianza kuhesabu madebe kichwani kabla hata sijamwona mwenyewe. Alikuwa katikati, anapalilia.

"Shikamoo, Mama Kefa."

"Marahaba, Mwalimu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Umeanza kazi mapema hivi, mama. Ungepumzika."

"Magugu hayana msiba." Aliegemea jembe. "Nasikia shamba linarudi kijijini. Ni kweli?"

"Bado halijapitishwa."

"Atapewa nani?"

"Sijui," nilisema. Mwalimu wa shule, katibu wa kijiji, nikasema sijui.

Alitazama upande wa bondeni. "Huyo atakayepewa mwambie, kule chini asipalilie mpaka udongo ukauke kidogo. Akiugusa ungali na maji, atang'oa mizizi. Mwaka juzi tulipoteza safu nne namna hiyo, mimi na Kefa."

Nikamwitikia, nikaondoka. Njiani niligombana na kila mtu kichwani mwangu: na mwenyekiti, na vita, na wenye maduka, na marehemu baba kwa kunizaa mtoto wa kwanza, mrithi wa shamba. Nilipofika nyumbani sikuwa nimebakiwa na wa kugombana naye isipokuwa mimi mwenyewe.

Alhamisi kamati ilikaa. Mzee Melkizedeki alisoma jina langu, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Nikasimama mimi.

"Daftari lina kosa," nilisema. "Shamba lile halikuwa la Kefa. Aliyelifyeka, aliyelitilia samadi na anayelipalilia ni Febronia. Niliandika jina la mtoto kwa sababu ni mwanamume. Kosa ni langu."

"Miaka minne hukuliona hilo kosa?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikuliona kwa sababu halikuniuma. Jumatatu nimeliona, na hadi leo nimelinyamazia kwa sababu linanifaa."

Hapo ukazuka ubishi. Mmoja alisema nikikubaliwa, kila mjane atakuja na kosa lake. Mwingine akajibu kwamba basi waje. Mwisho Mzee Melkizedeki aligonga meza, akaniambia nipige mstari kwenye jina la marehemu, niandike la mama yake. Nilipomaliza alilivuta daftari upande wake. Katibu anayekosea miaka minne, alisema, hafai kushika kalamu ya kijiji. Barua yangu ya kuomba shamba ikarudishwa nyuma ya zile kumi na moja, na nikaonyeshwa ekari moja ya kichaka ambayo hakuna aliyeitaka.

Nyumbani Marietha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuwa mtu mwema," alisema. "Wema huo tutaula na mboga gani?"

Alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalikuwa yameanza kumkauka.

Jumamosi nilikopa jembe kwa jirani nikaenda kwa Mama Kefa kuomba kibarua cha kulipwa uwele, kidogo sasa na kilichobaki wakati wa mavuno. Nilimkuta shambani. Nilimweleza yaliyopita kamatini, na sitaficha: nilikuwa nangoja anishukuru. Nilikuwa nimepoteza ukatibu na shamba, nikaona shukrani angalau ni haki yangu.

Hakunishukuru.

"Mwalimu, miaka minne ulipita njia hii asubuhi na jioni. Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Nikifanya nini?"

"Ukilima."

"Basi," alisema.

Akarudi kwenye safu yake. Alipiga jembe mara mbili tatu, kisha akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Na jina la Kefa mmelifuta?"

"Nimepiga mstari juu yake."

"Mstari mmoja?"

"Mmoja tu."

"Linasomeka bado?"

"Linasomeka, mama. Kefa, mwana wa Febronia, ekari mbili na nusu. Linasomeka vizuri."

Aliliachia jembe likaanguka, akaketi palepale katikati ya uwele, akalia. Alilia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia siku zile tatu, akimwita mwanawe kwa lugha ya kwao ambayo mimi siijui.

Niliinama nikaendelea na safu aliyoiacha. Nilikata mashina mawili ya uwele kwa kutojua, naye hakunikemea.