Kibuyu cha Posa ya Winfred

Nilipopasuliwa shingo kutolewa tezi, daktari alinionya waziwazi: "Dama, vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu mwilini vimeguswa. Meza vidonge hivi kila siku." Kosa langu ni kurudi Tarasaa na kusema ni dawa ya mifupa.

Nani hapa hana mifupa? Mlango wangu haukufungwa tena. Huyu goti, yule kiuno, mwingine kidole alichojikwaa juzi. Mimi nami sijui kunyima. Jirani yangu Sadia, mwenye duka, alibeba konzi nzima, eti ya mgonjwa wake wa mbali. Kopo likabaki tupu. Midomo ikanichonyota, viungo vikauma, nyayo zikawa zinajikunja zenyewe hadi ndala hazinikai. Nikasema acha posa ya binti yangu ipite, ndipo niende hospitali. Ujinga mtupu!

Wakwe walifika Jumamosi asubuhi kutoka Kilelengwani na kibuyu chao cha pombe ya mnazi. Kwetu mama wa binti hukipokea, kisha humkabidhi mumewe. Mama akikishikilia, ana neno moyoni, na posa husimama hapo. Nikakipokea. Vidole vikakaza, vikagoma kuachia.

Binti yangu Winfred alinitazama, machozi yakimlengalenga. Miaka minne alikuwa akimsubiri Randu wake.

Mzee Levis, babake Randu, akakohoa. "Mkwe, kama ni yule mbuzi wetu aliyekula mahindi yenu, tunaomba radhi."

Nilitaka kujibu, taya nazo zikakaza.

"Na kama ni Randu kumpeleka binti mjini Hola bila ruhusa..."

"Baba!" Randu akaruka.

"Hola lini?" mume wangu akauliza.

Hapo Iha, mamake Randu, akashindwa kuvumilia. "Jamani, ni vile vidonge! Mgonjwa wa Sadia ni mimi. Nisamehe, mkwe. Na magoti yenyewe bado yanauma!"

Taya zikalegea kidogo. "Nimekubali!" nikapiga kelele. "Vidole ndivyo vimekataa!" Kisha mguu ukajipinda, nikaanguka na kibuyu changu.

Wakanikimbiza hospitali ya Garsen. Daktari alitaka kukichomoa kibuyu, wazee wakamzuia: posa haichomolewi. Basi akanidunga kalsiamu mshipani, polepole, huku mume wangu amekinga mikono yote miwili chini ya kibuyu, jasho likimtiririka. Kidole kimoja kikafunguka. Cha pili. Cha tatu. Kibuyu kikamwangukia mikononi.

Vigelegele vikalipuka wodini, hata wagonjwa tusiowajua wakaitikia. Winfred akanilalia kifuani akilia, nami nikalia kwa furaha.

Iha akasogea, akaikodolea macho ile dawa ya daktari. "Mkwe," akaninong'oneza, "hicho kidogo kilichobaki, si ungenipa kwa ajili ya magoti?"

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyima.