Maji ya Mabomba ya Saiq

Hashil fundi alisimama uani na madumu yake, akaniuliza kama anayeuliza chai au kahawa: mabombani tutie maji au glaikoli?

Nyumba yetu iko Saiq, juu ya mlima wa Jabal Akhdar, Oman, kwenye baridi ya kugandisha, na chini ya sakafu imelazwa mabomba ya kupasha joto. Ni kazi ya binti yangu Samah, mhandisi wa mambo hayo hayo huko Skotlandi. Aliichora mwenyewe, akaniahidi kuwa ikimalizika atakuja kukaa nami baridi nzima. Siku ile nilikuwa nimepanda kutoka kwangu Nizwa, mji wa chini ya mlima, na magoti yangu mabovu, kwa furaha tu.

"Tofauti yake nini?" nikauliza.

Hashil kazaliwa Nizwa, Kiswahili chake cha kubahatisha. "Bibi, maji iko nzuri, inabeba joto sana. Lakini kama nyumba hamna mtu na umeme inakatika, maji inaganda, bomba inapasuka. Glaikoli hii dawa, haigandi. Joto yake kidogo, bas."

"Nyumba ina mtu. Mwanangu anakuja." Nikampigia Samah aseme mwenyewe.

"Tia glaikoli, mama," akajibu upesi. Upesi mno.

Mimi si mhandisi, lakini si mjinga kiasi hicho.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tahadhari tu."

"Tahadhari ya nyumba tupu?"

Hapo zikaja sababu: kazi, ruhusa, skuli ya watoto, inshallah mwakani. Inshallah yake naijua. Ndiyo aliyokuwa akinipa alipokuwa mdogo nikimtuma dukani. Nilimtamani mwanangu. Nilitaka kuisikia miguu yake juu ya sakafu ile, anilalamikie kuwa chai yangu ina sukari nyingi.

Nikamgeukia Hashil. "Tia maji."

"Mama!" Samah akapiga kelele kwenye simu. "Nani ataliangalia boila la kuyapasha moto?"

"Mimi. Sishuki Nizwa mpaka baridi iishe."

"Wewe? Nizwa kwenyewe unalala na soksi!"

"Nitavaa mbili mbili."

Akacheka, halafu nikasikia analia. Hakuahidi kitu, wala sikumuomba.

Hashil akafungua mfereji. Nikaisogeza simu kwenye bomba ayasikie maji yakiingia.

"Haya, mhandisi," nikamwambia. "Kama huji kwa ajili yangu, njoo uyaangalie mabomba yako."