Barua Isiyoweza Kuketi Juani

Jumapili ingekuwa siku ya ubatizo wangu, na hadi Alhamisi sikuwa nimeweza kujibu swali la mwisho.

Nilikuwa mpishi katika kambi ya serikali hapa Garissa, Mpokomo wa miaka arobaini na mbili. Jioni, kabla ya kafyu, nilisoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, kanisani. Kuandika nilikwisha jua. Lakini mwalimu wa dini alipouliza swali la mwisho la ubatizo, "Yesu ni nani?" nilijibu, "Mjumbe wa Mungu."

"Mjumbe tu, Buya?"

Sikutaka mdomo useme kitu ambacho moyo haujakipokea. Tena rafiki yangu Kulow, Msomali Mwislamu aliyeniletea maziwa ya ngamia kila asubuhi, alikuwa amenicheka. "Mungu ana mwana? Haya, kila mwana ana babu. Hebu hesabu babu zake nisikie! Mimi nahesabu wangu ishirini."

Nilisali, nikageuka kitandani, nikasali tena.

Ijumaa maziwa hayakuja. Shifta, wale waasi wa porini, walikuwa wameshambulia lori njia ya Hulugho, na wanajeshi wakawafungia wanaume wa mtaa wa Kulow ndani ya ua wa waya, juani. Niliandika barua, ya kwanza maishani mwangu, kwamba Kulow ni muuza maziwa na namjua miaka sita. Nikampa mkewe, Batula, aipeleke kwa afisa.

Adhuhuri akarudi nayo, imekunjwa vilevile.

"Hakuifungua?"

"Aifungue ya nini? Wallahi, Buya, wewe mtu mzima! Kwetu ukimwombea mtu shingo yake, hutumi karatasi. Unakuja mwenyewe, unakaa chini hapo alipo."

Nikaenda, aproni ingali kiunoni. Afisa akanitazama. "Unamdhamini? Ingia ukae naye mpaka tuchunguze. Akiwa shifta, na wewe ni shifta."

Nikaingia. Kulow aliponiona akashika kichwa. "Mpishi! Na wewe wamekushika? Umewapa wali mbichi?"

"Sikushikwa. Nimekuja."

Akaacha utani. Akainua shuka lake, akanipa nusu ya kivuli.

Hapo juani swali likanirudia. Barua yangu isingeweza kuketi juani. Mungu naye alituma wajumbe wengi. Kama Yesu naye alikuwa mjumbe tu, basi Mungu mwenyewe yuko bado nje ya waya.

Nikamwambia Kulow.

"Hapana," akasema. "Mungu haingii kwenye waya." Akalivuta shuka upande wangu. "Lakini sogea huku, jua linakuchoma."

Jumamosi alasiri, walipomaliza kuchunguza, tukaachiliwa, sisi wawili tu.

Kesho yake padre akauliza, "Yesu ni nani?"

"Ni Mwana, na ni Mungu mwenyewe aliyekuja."

Safari hii mdomo haukudanganya. Maji yakamwagwa, watu wakaimba. Mimi nilikuwa nikiwawaza wanaume thelathini waliobaki juani, ambao hakuna aliyewaendea. Nikatoka kabla wimbo haujaisha, shingo ingali imelowa, nikashika njia ya kwenda kwenye ua wa waya.