Kuirudia Ataman

Admirali aliposhikwa na homa ya matumbo, kikosi cha manowari za mwendo kasi pale Vladivostok kilimwangukia Porfiri Ilyich Zavyalov, nahodha ambaye maishani mwake hakuwahi kuongoza zaidi ya meli moja. Vita na Wajapani vilikuwa vimeingia kiangazi. Kikosini kulikuwa na Vitim, Dozor na Ataman. Mbili za kwanza zilikuwa mpya. Ataman ilikuwa kuukuu, mashine zake zinakohoa, na nahodha wake alikuwa Matvei, kaka wa mke wa Porfiri.

Tangu siku hiyo Porfiri hakutulia. Alimimina chai akaiacha ipoe, akaenda dirishani kutazama bandari, akarudi amesahau alichokuwa akisema. Amri ilipofika ya kutoka kwenda kuzilaki meli za Kirusi zilizokuwa zikijaribu kuponyoka Port Arthur, bandari iliyozingirwa na adui, Matvei alikuwa mezani kwao, anakula viazi na samaki wa chumvi.

"Wewe unabaki," Porfiri alimwambia. "Utatuchelewesha sote."

"Nibaki nifanye nini, shemeji? Nichume uyoga?"

"Meli yako kobe, Matvei. Kila mtu anajua."

"Kobe huyo ana mizinga mingi kuliko ya hao swala wako. Au unaogopa nitakupokonya sifa?"

Anfisa, mke wa Porfiri, aliweka sahani chini kwa kishindo. "Porfiri, mji mzima utasema ndugu yangu kajificha nyuma ya sketi yangu. Ndivyo unavyotaka?"

Porfiri alitazama dada, akatazama kaka. "Haya, njoo. Lakini ukibaki nyuma, usinililie."

"Nani, mimi?" Matvei akacheka, akaongeza viazi.

Kulipopambazuka katika mlangobahari wa Korea, meli za Port Arthur hazikuonekana. Zilizoonekana ni manowari nne za Kijapani, tena zilikuwa upande wa kaskazini, kati yao na nyumbani. Porfiri aliamuru wageuke mashariki wapate kuwazunguka, na mizinga ikaanza kunguruma.

Ataman, iliyokuwa ya mwisho kwenye mstari, ilipigwa tezini, nyuma kabisa. Usukani wake ukakwama, ikaanza kuzunguka mahali pamoja.

"Geuza," Porfiri alisema akiwa ndani ya Vitim. "Tunarudi."

Vitim na Dozor zikajipanga kati ya Ataman na adui ili Matvei apate nafasi ya kutengeneza usukani. Makombora yakawaangukia wao. Bomba moja la moshi la Vitim likatoboka, na watu wakaungua kwenye sitaha. Ataman ikanyooka kidogo, ikapinda tena. Porfiri akajitenga nayo, akarudi, akajitenga, akarudi. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikuwa akienda upande huu wa jukwaa la nahodha na upande ule, akikanyaga vipande vya vioo.

Ofisa wa kuongoza njia, Gleb Arsenyevich, uso wake mweusi kwa moshi, alimshika mkono. "Mheshimiwa, Dozor inaingiza maji. Tukirudi tena, hakuna meli itakayofika nyumbani."

"Yule ni shemeji yangu, Gleb."

"Najua. Na huku chini kuna mashemeji wa watu wengine."

Kwenye mlingoti wa Ataman zikapanda bendera za ishara. Baharia wa ishara alizisoma kwa darubini, akasita. "Wanasema meli haiongozeki. Wanasema twende."

Porfiri alitoa amri kwa sauti ndogo mno hata ikabidi airudie. Meli mbili zikashika njia ya kaskazini. Nyuma yao mizinga ya Ataman ililia kwa muda mrefu.

Anfisa alikuwa gatini. Alipoona meli mbili tu hakupiga kelele. Alingoja mumewe ashuke.

"Umemwacha," alisema.

"Nimemwacha."

"Mimi ndiye niliyekwambia umchukue."

"Kikosi kilikuwa changu, si chako."

Walikwenda nyumbani bila kushikana mikono. Usiku na mchana Porfiri alizunguka chumbani, mpaka Anfisa akahamishia kitanda chake chumba cha pili. Majira ya baridi ndipo wakasikia kwamba Matvei alikuwa hai, mfungwa huko Japani. Alikuwa ameizamisha Ataman kwa mkono wake ili adui asiipate.

Vita vilipokwisha alirudi, amekonda, mkono mmoja hana. Porfiri alimlaki stesheni. Maneno aliyokuwa ameyaandaa kwa zaidi ya mwaka yakampotea.

"Nisamehe, Matvei. Nilikuacha."

Matvei alimkazia macho. "Wewe mwendawazimu? Mara ya kwanza uliporudi nilishukuru. Ya pili nikakutukana. Ya tatu, vijana wangu walikuwa wanalia, si kwa ajili yao, kwa ajili yenu! Wangapi walikufa Vitim kwa sababu yangu?"

Porfiri akamtajia.

Matvei aliketi juu ya sanduku lake katikati ya jukwaa la stesheni, watu wakampita huku na huku. "Ungekwenda mara ile ile," alisema. "Ungekwenda tu, ndugu yangu."

Porfiri alikuwa amekuja kutafuta kusamehewa. Alisimama, akaketi kando yake, akasimama tena. Mwishowe alilichukua sanduku, wakaenda kwa Anfisa.